Kabla Hujaongeza Baruti, Pima Shimo

Swali linalorudi kuliko yote kutoka kwa wasomaji wanaofanya kazi kwenye machimbo ya wazi ni hili: "Tukilipua tunapata mabonge makubwa yasiyoingia kwenye krasha. Tuongeze baruti kiasi gani?" Wanaouliza wengine ni wenye machimbo ya kokoto, wengine wako kwenye mawe ya chokaa, wengine ni wachimbaji wa kati wa dhahabu. Miamba yao inatofautiana, swali halibadiliki.

Jibu langu ni moja: usiongeze bado. Chukua futi ya kupimia, nenda kwenye benchi kabla ya mlipuko ujao, upime mashimo moja baada ya jingine. Mara nyingi utakuta tatizo liko hapo. Shimo limechorongwa mahali pasipo pake, limepinda, ni fupi, au limejaa maji na unga wa mwamba. Baruti haina uwezo wa kusahihisha shimo baya. Ukiimimina zaidi mahali pabaya utapata mabonge yaleyale, na juu yake mawe yatakayoruka hadi kwenye nyumba za watu.

Makala hii ni ya mwenye leseni, msimamizi wa machimbo, mchorongaji, na mlipuaji mwenye cheti. Haimpi mtu asiye na cheti ruhusa ya kushika baruti. Tanzania ina Sheria ya Baruti, Sura ya 45, na Tume ya Madini ndiyo inayosimamia vibali vya kununua, kuhifadhi na kutumia baruti. Kenya na Uganda nazo zina sheria zake. Kila ushauri hapa chini unafuata sheria hizo na hauchukui nafasi yake.

Maneno tutakayotumia

Ili tuelewane kazini, nitatumia maneno haya tu:

- Umbali wa mbele: kutoka shimo hadi uso wa mwamba ulio wazi, au hadi mstari wa mashimo ulio mbele yake.
- Umbali wa pembeni: kutoka shimo moja hadi jirani yake katika mstari uleule.
- Nyongeza ya chini: urefu wa shimo unaopita kiwango cha sakafu ya benchi.
- Kizibo: kokoto zinazojazwa juu ya baruti hadi kwenye mdomo wa shimo.
- Kiwango cha baruti: kilo za baruti kwa kila mita moja ya ujazo wa mwamba.

Hesabu moja ya kuanzia

Tuchukue benchi la mwamba mgumu lenye urefu wa mita 8, linalochorongwa kwa biti ya milimita 89. Mpango unaokubalika ungekuwa hivi:

- umbali wa mbele mita 2.5, yaani karibu mara 28 ya kipenyo cha shimo;
- umbali wa pembeni mita 2.9, mashimo yakipishana kati ya mstari na mstari;
- nyongeza ya chini mita 0.8, hivyo shimo lina mita 8.8;
- kizibo mita 2.2, yaani karibu mara 25 ya kipenyo;
- baruti inajaza mita 6.6 zinazobaki.

Kwa anfo ya kumimina, yaani baruti ya amoniamu nitreti, shimo la kipenyo hicho hubeba takriban kilo 5.1 kwa mita. Mita 6.6 zinabeba karibu kilo 34. Mwamba unaohudumiwa na shimo hilo ni 2.5 × 2.9 × 8, sawa na mita 58 za ujazo. Kiwango cha baruti ni karibu kilo 0.58 kwa mita ya ujazo.

Namba hizi ni mahali pa kuanzia. Mwamba laini au wenye nyufa nyingi utahitaji pungufu, mwamba mzito usiopasuka kirahisi utahitaji zaidi, na mlipuaji wenu ndiye atakayezirekebisha. Kwa sasa zishike jinsi zilivyo, kisha tuone makosa ya kuchoronga yanavyoziharibu.

Shimo lililokosea linavyoiba

*Mdomo umesogea na shimo limepinda.* Mchorongaji ameanza sentimita 30 nyuma ya alama, na mnara wa mashine umelala nyuzi 3 tu kuelekea nyuma. Kwa macho huwezi kuona kosa. Shimo likifika kwenye sakafu ya benchi limeshasogea zaidi ya sentimita 70. Umbali wa mbele ambao kwenye karatasi ni mita 2.5 sasa ni mita 3.2 kule chini, mahali ambapo mwamba ni mgumu zaidi kusukumwa. Kiwango cha baruti hapo kimeshuka hadi karibu kilo 0.45. Utaacha nundu sakafuni, na ekskaveta itakwangua hapo siku nzima.

Kosa hilohilo likielekea mbele, umbali unabaki mita 1.8 na kiwango kinapanda hadi kilo 0.8. Hapo mwamba hauvunjiki tu, unarushwa.

*Shimo fupi.* Unga wa mwamba umerudi ndani na kuziba mita moja ya chini. Mlipuaji ameambiwa kila shimo ni kilo 34, naye anamimina kilo 34. Baruti inapanda mita 6.6 kutoka kitako kipya, na nafasi ya kizibo inabaki mita 1.2 badala ya 2.2. Hili ndilo kosa linalorusha mawe mbali kuliko yote, na hutokea bila mtu yeyote kuvunja maagizo aliyopewa.

*Biti iliyochakaa.* Biti iliyoanza na milimita 89 ikaisha hadi 83 inachoronga shimo lenye nafasi ndogo kwa asilimia 13. Kwa urefu uleule wa baruti unapoteza zaidi ya kilo 4 kwa kila shimo. Watu watasema mwamba umekuwa mgumu, kumbe biti ndiyo imeisha.

Haya matatu yakikutana kwenye benchi moja, baadhi ya mashimo yana baruti pungufu na mengine yana baruti ya kupita kiasi. Ukiongeza kilo kwa yote, haya ya pili yanakuwa hatari zaidi.

Hatua ya kwanza: andaa benchi

Usilete mashine ya kuchoronga kwenye benchi chafu. Tabaka la juu mara nyingi limevunjwavunjwa na mlipuko wa benchi la juu yake, na shimo linaloanzia kwenye mawe yaliyolegea hupinda tangu mita ya kwanza.

1. Ondoa kifusi hadi uone mwamba ulioshikana, kisha sawazisha.
2. Kagua mabaki ya mashimo ya mlipuko uliopita. Yatie alama ya rangi. Usichoronge kamwe ndani ya shimo la zamani wala karibu yake, hata kama linaonekana tupu. Baruti au fataki (kiwashio cha baruti) iliyobaki humo imeua wachorongaji.
3. Pima uso wa mwamba ulio wazi. Kama umebonyea ndani au umelala, umbali wa mbele wa chini hautalingana na wa juu. Panga mstari wa kwanza kufuatana na uso halisi.
4. Weka alama ya kila shimo kwa futi na kamba, na iandikie namba na urefu unaotakiwa. Urefu hautakuwa sawa kwa yote kama juu ya benchi hakuko sawa, maana tunataka vitako vyote vifike kiwango kimoja.
5. Weka mpaka wa usalama kwenye ukingo wa benchi ili mashine na watu wasisogee kupita hapo.

Migodi mikubwa kama Geita na North Mara ina vifaa vya setilaiti vya kuweka alama. Chimbo dogo linaweza kupata usahihi wa kutosha kwa futi ya mita 50, kamba, rangi ya kupuliza na timazi. Kinachopungukiwa mara nyingi ni saa mbili za mtu makini.

Hatua ya pili: kuchoronga

Mweleze mchorongaji kwamba kazi yake inahesabiwa kwa mashimo mazuri. Ukimlipa kwa mita pekee, utapata mita nyingi na mashimo mabaya. Mambo ya kusimamia ni haya:

- Mnara usimame wima kabla ya kuanza. Pima kwa pimamaji pande mbili. Kama mpango unataka shimo lililolala, pima nyuzi kwa kifaa, usikadirie.
- Anza polepole. Mita ya kwanza ndiyo inayoelekeza shimo zima. Mgandamizo uwe mdogo mpaka biti iingie kwenye mwamba imara.
- Usisukume kupita kiasi. Mgandamizo mkubwa hupinda vyuma vya kuchorongea na shimo hufuata mpindo huo. Ukiona vyuma vinatetemeka sana au vinashika joto, punguza.
- Puliza shimo likiisha. Acha hewa itoe unga wote kabla ya kuvuta vyuma.
- Sogeza unga mbali na mdomo. Rundo lililo ukingoni litarudi ndani kwa kishindo cha mashine au kwa mvua ya kwanza.
- Funika shimo mara moja. Mfuko uliojazwa mchanga unatosha.
- Pima kipenyo cha biti kila shifti. Weka kikomo, mathalani milimita 85 kwa biti ya 89. Ikifika hapo itolewe.
- Zuia vumbi. Vumbi la miamba yenye silika huharibu mapafu taratibu na uharibifu huo hauponi. Tumia maji au kifyonza vumbi, na barakoa inayofaa. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

*Daftari la mchorongaji.* Mchorongaji anaujua mwamba kuliko mtu yeyote mwingine hapo, kwa sababu anausikia mita kwa mita. Mpe daftari, aandike kwa kila shimo: namba, urefu, mahali mwamba ulipolainika ghafla, mahali hewa ilipopotea kwa sababu ya ufa au pango, na kina cha maji. Kwenye mawe ya chokaa ya Tanga, yanakopatikana mapango ya Amboni, jambo hili ni la lazima. Mlipuaji anayemimina baruti kwenye shimo lililokutana na pango bila kujua ataijaza baruti mahali pasipo na mwamba wa kuibana, na matokeo yake hakuna awezaye kuyakisia.

Hatua ya tatu: pima na kataa

Kabla ya baruti kutoka stoo, msimamizi na mlipuaji wapime kila shimo. Tumia futi yenye kizito mwishoni na kioo cha kumulika jua ndani. Yafuatayo ni mapendekezo yangu ya mipaka kwa benchi la mfano wetu:

- Mdomo usizidi sentimita 10 kutoka kwenye alama.
- Urefu usipungue zaidi ya sentimita 20 wala kuzidi zaidi ya sentimita 20.
- Shimo lililozidi lijazwe unga wa mwamba au kokoto mpaka lifike urefu sahihi. Kuacha baruti ishuke chini ya kiwango ni kuivunja sakafu ya benchi lijalo, na mashimo ya huko yataanza vibaya.
- Shimo fupi lipulizwe upya. Lisiposafishika, lichorongwe jipya kwa maelekezo ya mlipuaji.
- Shimo lililo karibu mno na uso wa mwamba lipunguziwe baruti au liachwe kabisa.

Anza kwa kuhesabu mashimo yaliyokataliwa katika kila mlipuko. Namba hiyo peke yake itakuambia kama uchorongaji unaboreka. Na usimwadhibu mchorongaji aliyekuambia ukweli kuhusu shimo baya, maana safari ijayo atanyamaza.

Hatua ya nne: kujaza

Kila shimo lijazwe kwa kipimo chake lenyewe. Hesabu ya "mifuko fulani kwa kila shimo" ifutwe kwenye machimbo yenu.

1. Mlipuaji anaandika urefu uliopimwa, anatoa urefu wa kizibo, na kinachobaki ndicho urefu wa baruti.
2. Anamimina huku msaidizi akipima kila baada ya mfuko. Baruti ipande kwa kadiri iliyotarajiwa.
3. Kama haipandi, simama. Kuna ufa au pango. Weka kokoto kupita sehemu hiyo, kisha endelea juu yake kwa maelekezo ya mlipuaji.
4. Kama inapanda haraka mno, simama pia. Shimo limebomoka au limeziba katikati. Baruti iliyo juu inaweza kutengana na ya chini, na ya chini ikabaki bila kulipuka.
5. Nafasi ya kizibo ikifika, acha, hata kama mfuko umebaki nusu. Kinachobaki kinarudi stoo na kuandikwa.

Tumia mti au plastiki kushindilia, kamwe usitumie chuma. Usisukume fataki kwa nguvu wala kuitupa ndani ya shimo. Sigara, simu na redio za mawasiliano zibaki nje ya eneo. Magari yasiyohusika yasiingie, na hakuna kuchoronga karibu na mashimo yanayojazwa.

*Onyo:* nunua baruti iliyotengenezwa na kampuni yenye kibali. Kuchanganya kienyeji ni kosa la jinai, na mchanganyiko usio sawa hutoa gesi zenye sumu, haulipuki kikamilifu, na huacha mabaki ndani ya mwamba.

Kizibo kinachoshika

Machimbo mengi hujaza kizibo kwa unga uliotoka kwenye kuchoronga kwa sababu uko karibu. Unga hauna meno ya kushikana. Gesi ya baruti huusukuma nje kabla haijaupasua mwamba, na nguvu uliyoinunua inakwenda hewani pamoja na kelele na mawe.

Kizibo kizuri ni kokoto zilizopondwa, zenye pembe, ukubwa wake karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha shimo. Kwa shimo la milimita 89, chipsi za milimita 8 hadi 10 zinafaa. Mwenye krasha anazo tayari kwenye uwanja wake. Toroli chache za chipsi zitakurudishia kilo nyingi za baruti, na hii ndiyo hatua rahisi kuliko zote zilizomo humu.

Maji na radi

Anfo huyeyuka ndani ya maji. Wakati wa masika, shimo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kuwa na mita mbili za maji jioni.

- Pima maji katika kila shimo kabla ya kujaza.
- Penye maji tumia emulsheni au baruti ya vipande inayostahimili maji. Karatasi ya nailoni iliyofungwa kienyeji huchanika kwenye kona za mwamba.
- Jaza na ulipue siku hiyohiyo. Usiache anfo ilale shimoni usiku wa mvua.
- Ukiona moshi wa rangi ya chungwa au kahawia baada ya mlipuko, baruti haikuungua sawasawa, na mara nyingi sababu ni maji. Moshi huo una sumu. Ondoa watu upande unakoelekea upepo na subiri utawanyike.

Radi ni jambo la kuogopwa hasa kwa wanaofanya kazi kandokando ya Ziwa Victoria, eneo lenye ngurumo nyingi. Fataki za aina yoyote zinaweza kulipuka radi ikipiga karibu, hata zile za mirija zisizotumia umeme. Kanuni nyepesi ni kuhesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Zikiwa 30 au chini yake, acha kujaza, ondoa kila mtu na linda eneo kama vile mlipuko uko tayari. Rudi nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Mpangilio wa kulipuka na majirani

Mashimo yote yakilipuka kwa pamoja, mstari wa nyuma haupati mahali pa kusukuma mwamba wake. Unasukuma juu, na mtikisiko unaofika kijijini ni mkubwa. Ndiyo sababu tunatumia fataki zenye kuchelewa kwa milisekunde tofauti.

- Mstari wa mbele utangulie, na muda kati ya mstari na mstari uwe mrefu kuliko muda kati ya shimo na shimo.
- Hesabu kilo zinazolipuka kwa wakati mmoja. Hizo, pamoja na umbali hadi nyumba ya karibu, ndizo zinazoamua mtikisiko, kuliko jumla ya baruti ya siku.
- Mwenye nyumba akilalamika nyufa, pima mtikisiko kwa kifaa hapohapo kwake na umwonyeshe kipimo. Maneno matupu hayajengi imani.
- Watangazie majirani siku na saa. Lipua mchana, saa ileile kila mara, na epuka asubuhi mapema na mawingu mazito yaliyoshuka, kwa kuwa hali hizo hurudisha sauti chini.

Saa ya kulipua na baada yake

Machimbo mengi huondoa watu hadi mita 500. Mlipuaji anaweza kuongeza umbali huo kutokana na mwamba na upande ambao uso umeelekea. Asiupunguze kwa sababu ya haraka.

1. Walinzi wanasimama kwenye kila njia, pamoja na vichochoro vya watoto na wachunga mifugo.
2. Kila mlinzi anathibitisha kwa sauti kwamba upande wake ni mtupu. Kukaa kimya hakuhesabiwi kuwa ndiyo.
3. King'ora kinapigwa kwa utaratibu ambao kijiji kizima kimeelezwa.
4. Baada ya mlipuko, mlipuaji peke yake, au na msaidizi wake, ndiye anayeingia kwanza, vumbi na moshi vikiisha. Kwa utambi, subira isipungue nusu saa. Sheria ya nchi yako ikidai zaidi, fuata sheria.
5. Anatafuta dalili za shimo lisilolipuka: mirija mizima, mwamba uliosimama pale ulipopaswa kuanguka, chembe za baruti kwenye kifusi.
6. Akiona dalili, eneo linafungwa. Hakuna kuchimba, hakuna kuchokonoa, hakuna kuvuta mrija. Mlipuaji mwenye cheti ndiye anayeamua hatua inayofuata, na tukio linaandikwa.

Mabonge yaliyobaki yavunje kwa nyundo ya haidroliki. Kubandika baruti juu ya bonge na kulilipua hurusha vipande kila upande, maana hakuna kinachoibana.

Stoo na daftari lake

Baruti inayopotea stoo inaweza kuishia kwenye uvuvi haramu au mikononi mwa wahalifu, na jina litakaloulizwa ni la mwenye kibali.

- Fataki zikae chumba tofauti na baruti. Hazisafirishwi pamoja.
- Funguo mbili, watu wawili, sahihi mbili kwa kila kinachotoka na kinachorudi.
- Iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Iliyopita muda wake isitumike wala kufukiwa. Toa taarifa kwa mamlaka.
- Hesabu ya stoo ilingane na hesabu ya mashimo kila siku ya mlipuko. Tofauti ya fataki moja inatosha kusimamisha kazi hadi ipatikane.
- Maboksi na mifuko mitupu isiende nyumbani wala jikoni.

Usione ni urasimu. Tarehe 4 Agosti 2020, takriban tani 2,750 za amoniamu nitreti, malighafi ileile ya anfo, zililipuka bandarini Beirut baada ya kukaa ghalani kwa miaka bila uangalizi unaostahili. Zaidi ya watu 200 walikufa. Stoo yako ni ndogo kuliko ile, lakini uzembe wa ghala hauhitaji tani elfu ili uue.

"Lakini kwetu…"

*"Mwamba wetu ni mgumu kuliko kawaida."* Inawezekana. Utajua kwa hakika ukishakuwa na milipuko mitatu yenye mashimo yaliyo ndani ya mipaka. Mabonge yakiendelea, mlipuaji apunguze umbali wa mbele na wa pembeni kidogo kidogo, akibadili kitu kimoja kwa kila mlipuko. Ukibadili vitano kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

*"Kuchoronga ni ghali kuliko baruti."* Ukitazama ankara mbili hizo tu, pengine. Ongeza dizeli ya ekskaveta inayohangaika na nundu, nyundo inayovunja mabonge, meno ya krasha yanayoisha na saa ambazo krasha imesimama. Andika gharama hizo kwa mwezi mmoja, kisha linganisha tena.

*"Mlipuaji wetu ana uzoefu wa miaka mingi."* Heshimu uzoefu wake kwa kumpa vipimo. Mlipuaji hodari hawezi kuona kitako cha shimo la mita 8.8 kwa macho, na wengi wao wamekuwa wakiomba mashimo yapimwe bila kusikilizwa.

*"Tuna haraka, lori ziko foleni."* Kupima mashimo 40 ni kazi ya saa chache kwa watu wawili. Mlipuko mbaya utazisimamisha lori hizo kwa siku kadhaa.

Anza na mlipuko ujao

Usijaribu kubadili kila kitu wiki hii. Fanya mambo manne:

1. Pima mashimo yote na uandike urefu na umbali wa mdomo kutoka kwenye alama.
2. Jaza kila shimo kwa kipimo chake, na uache nafasi kamili ya kizibo.
3. Tumia chipsi za krasha badala ya unga.
4. Baada ya kulipua, piga picha ya lundo, hesabu mabonge, na uandike kilo zilizotumika kwa mita ya ujazo.

Rudia hivyo kwa milipuko mitatu bila kuongeza kilo hata moja, kisha mkae pamoja, msimamizi, mchorongaji na mlipuaji, daftari likiwa mezani. Hapo ndipo swali la kuongeza au kupunguza baruti litakapojibika, na mtakuwa na namba zenu wenyewe za kulijibu.